Vyuo Viwili vya Barabara ya Dodoma

Msafiri anayetoka Mombasa na kuingia Dar es Salaam huweza kuukata Mtaa wa Lumumba mara nyingi bila kujua amepita wapi. Upande mmoja ni Mnazi Mmoja, upande wa pili ni Kariakoo, na mtaani humo, katika jengo la TANU, ndimo chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilimoanza kufundisha Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani na Kariakoo ikabaki na biashara yake. Tangu hapo watu wamezoea kuiona njia ya Mlimani na njia ya Kariakoo kuwa zimeachana: huku wasomi, kule waliokosa shule. Safari yangu ya kwenda Dodoma kwa barabara na kurudi kwa treni ya umeme ilinipitisha kwenye njia zote mbili, kwa kuwa mstari huo una vyuo vikuu vikubwa vya nchi na pia una masoko na magulio ambako watu wasio na cheti chochote hulisha familia zao. Nimerudi nikiamini kwamba tunapomtaka kijana achague shahada au kujiajiri, tunamficha jambo kubwa. Kujiajiri nako ni chuo. Kina miaka yake, ada yake, walimu wake na mitihani yake. Anayemwambia mhitimu wa miaka 25 "nenda ukajiajiri" anampeleka darasa la kwanza la chuo kingine, bila ada na bila mwalimu.

Ushahidi wa kwanza uko Kariakoo kwenyewe. Katika Mtaa wa Kongo watu hupita bega kwa bega, maguta yakipenya kati yao na marobota ya nguo, na wateja wametoka Lubumbashi, Lilongwe na Moroni. Mbele ya fremu husimama mawinga, vijana wasio na duka wala mzigo, ambao mtaji wao ni kujua stoo gani ina bidhaa gani na kwa bei gani, nao huishi kwa cha juu wanachokiongeza. Mgeni huona fujo. Lakini ukitazama nani yuko nyuma ya kaunta, utaratibu hujitokeza. Katika maduka mengi kijana anayeuza si mwenye duka, wala si mwajiriwa wa kawaida. Ni mtoto wa ukoo aliyeletwa kutoka kijijini, na Wakinga wa Makete, mkoani Njombe, wanajulikana nchi nzima kwa mtindo huu. Huanza kwa kufagia na kubeba. Baadaye hushika ufunguo wa stoo, hujifunza kumsoma mteja kabla hajataja bei, hutumwa kufuata mzigo, hukabidhiwa mauzo ya siku. Akipita salama katika yote hayo kwa miaka kadhaa, tajiri wake humfungulia fremu au humpa bidhaa kwa mali kauli, yaani anachukua mzigo leo na kulipa akishauza, dhamana yake ikiwa neno lake na jina la ukoo wake. Hakuna benki inayotoa mkopo wa namna hiyo kwa kijana asiye na nyumba wala kiwanja. Jina hilo zuri ameligharimia kwa miaka ile ile ambayo mwenzake wa rika aliitumia kidato cha tano na cha sita, kisha chuoni.

Kwa hiyo hesabu ya haki ni kulinganisha miaka kwa miaka. Mwenye shahada ana karatasi na maarifa, hana mali kauli. Kijana wa dukani ana mali kauli na mtandao wa watu, hana karatasi. Kila mmoja alipokuwa akipata alichopata, alikuwa akikosa cha mwenzake, na hilo halina aibu kwa yeyote. Aibu iko kwa wanaojifanya hawalioni, wakahubiri kwamba ujasiriamali ni moyo tu na kuthubutu, na kwamba mhitimu asiyejiajiri ni mvivu anayechagua kazi. Kariakoo inakanusha mahubiri hayo kila siku ya Mungu. Pango la fremu peke yake, na kilemba anachodaiwa mpangaji mpya kabla hajapanga hata shati moja, vinatosha kumwonyesha mhitimu kwamba mlango huu nao una ada.

Dhana kwamba shahada ni tiketi ya ofisini haikuzuka bure. Dola changa ilihitaji watu wa kukalia viti vilivyoachwa na maofisa wa kikoloni, na kila aliyehitimu alikuwa na kiti kinachomsubiri. Ndiyo maana Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ugomvi ulikuwa juu ya mshahara ambao hawajaanza hata kuupokea: wangekatwa asilimia 60 wakiwa katika utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400 na kujikata mwenyewe asilimia 20 ya mshahara wake. Pande zote mbili zilikuwa na uhakika kwamba kazi ipo. Wakati huo huo mchuuzi alionekana kama mtu asiye na kazi. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwahesabu wachuuzi wasio na leseni kuwa wazururaji, wakasombwa mijini na kupelekwa mashambani. Kisha ukaja mkondo wa mageuzi ya uchumi, serikali ikapunguza watumishi katika miaka ya 1990, na dola ile ile iliyowafukuza wachuuzi ikaanza kuwaambia wasomi wakachuuze. Kwetu Kenya mambo yalikwenda hivyo hivyo kwa njia nyingine. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyoufundisha ulimwengu kuitazama sekta isiyo rasmi kwa heshima. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaleta useremala, ushonaji na kilimo shuleni ili watoto wajitegemee, lakini karakana zilikuwa chache, mitihani ikabaki kuwa njia ya kwenda chuo kikuu, na masomo hayo yakapunguzwa baadaye. Nchi zote mbili zilibadilisha maneno bila kuhamisha fedha.

Barabara ikishatoka Kibaha hufika Chalinze, njia panda ya kwenda Tanga na Morogoro, ambako basi likipunguza mwendo tu madirisha hujaa mikono: korosho, machungwa yaliyomenywa, mayai ya kuchemsha yenye kachumbari, maji baridi. Kijana anayekimbia sambamba na basi, akitoa chenji sahihi kwa abiria watatu kabla gari halijashika kasi, ana ustadi ambao hakuna mtihani unaoupima. Hata hivyo nisingependa msomaji aishie kuupongeza. Ustadi huo umefungwa kwenye kituo kimoja cha basi, na maamuzi yanayokigusa kituo hicho hufanyika mbali. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa hutoka Dar es Salaam na kufika Dodoma kwa muda usiozidi saa nne, ikiwa na viyoyozi na madirisha yasiyofunguliwa. Kila abiria anayehama kutoka basi kwenda treni ni mteja ambaye Chalinze haimwoni tena. Reli ni jambo jema, nami nimeifurahia. Lakini anayesifia kujiajiri kama uhuru kamili akumbuke kwamba mchuuzi hana bosi mmoja kwa sababu ana mabosi wengi asiowajua: wapanga barabara, wakusanya ushuru, mvua, na bei ya dizeli. Hana likizo ya ugonjwa, na wengi hawana pensheni.

Morogoro hupokea wageni kwa milima ya Uluguru, iliyovaa ukungu asubuhi, na kwa ndizi, mananasi na mboga zinazoteremshwa na akina mama kutoka huko juu. Mji huu una Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na ukishika njia ya Iringa unakikuta Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kama shule ya maofisa wa serikali za mitaa. Vijana wenye mikoba ya kompyuta husubiri daladala pamoja na akina mama wenye matenga. Wote wanakwenda sokoni kwa maana fulani, ila soko la wale wenye mikoba limejaa kupita kiasi. Juni 2014 zaidi ya watu 10,000 waliitwa Uwanja wa Taifa kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2022 nafasi 17,412 za walimu na watumishi wa afya ziliombwa na watu wapatao 165,000. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 na kupokea maombi zaidi ya 135,000. Mtu anaweza kusema waombaji wengi hawakuwa na ubora, na kwa baadhi ya fani ana haki ya kusema hivyo. Matokeo ya Shule ya Sheria yaliyotikisa nchi Oktoba 2022 yalionyesha kwamba kati ya wahitimu 633 wa sheria, waliofaulu masomo yote kwa mara ya kwanza walikuwa 26. Hao wote walikuwa na shahada mkononi. Walikuwa wamekwishalipa, au kukopeshwa, kwa ajili ya karatasi iliyowathibitisha kuwa wamesoma sheria.

Wapo wanaonipinga hapa kwa hoja nzito: mbona tafiti za kaya, nchi baada ya nchi, huonyesha kwamba wenye elimu ya juu hupata kipato kikubwa kuliko wengine? Hoja hii ni ya kweli na sitaki kuikwepa. Ila wastani huo huchanganya watu wa nyakati mbili. Humo yumo daktari aliyeajiriwa miaka ya 1980, wahitimu walipokuwa wachache, na humo yumo mwalimu aliyemaliza juzi na bado yuko mtaani. Wastani wa kipato cha wale waliokwisha kupita mlangoni hausemi lolote juu ya urefu wa foleni iliyobaki nje. Tena wenye shahada wengi walizaliwa katika nyumba zenye nafasi kuliko nyingine, na nyumba hizo zingewafaa hata kama wangekwenda dukani. Ninachokubali bila kusita ni hiki: pale ambapo sheria imefunga mlango, shahada haina mbadala. Hakuna mali kauli ya upasuaji. Reli inayopita kwenye mahandaki ya Kilosa haikujengwa kwa uzoefu wa mtaani, na hakuna anayetaka daraja lililosanifiwa na winga.

Kutoka Morogoro kwenda Dodoma ndiko ardhi inakobadilisha sura na ndiko hoja yangu inakopata uzito. Dakawa kuna mashamba ya mpunga, na hapo ndipo Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofia kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 akitoka bungeni Dodoma. Chuo cha kilimo cha Morogoro kikapewa jina lake mwaka huo huo. Baada ya Gairo kijani hupungua, mibuyu hutokeza, upepo hukauka, na msafiri huingia Wilaya ya Kongwa. Wazee wa siasa za kilimo wanaikumbuka Kongwa kwa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Wataalamu walikuwepo, mitambo ilikuwepo, fedha zilikuwepo. Ila mvua ya Kongwa haikufuata mipango yao, udongo ulikauka ukawa mgumu wakati wa kuvuna, na Wagogo waliojua tabia ya nchi hiyo hawakuulizwa kwa dhati. Kwa wanaodharau shule, huu ni ushahidi mtamu. Lakini Kongwa na majirani zake wana ushahidi mwingine unaoelekea upande wa pili, nao ni wa juzi.

Kibaigwa, kando ya barabara kuu, kuna soko la kimataifa la mahindi. Malori hupanga mstari, madalali hupiga simu za Nairobi na Arusha, wabebaji hupanda ubao na magunia mabegani, na ugomvi wa lumbesa, gunia linaloshindiliwa na kurefushwa kwa nyavu ili mkulima auze zaidi kwa bei ya gunia moja, hauishi licha ya sheria ya vipimo. Dalali wa Kibaigwa huingiza mkono guniani, hutafuna punje, na kukuambia kama mahindi yamekauka. Kwa kiasi kikubwa yuko sahihi. Kuna kitu kimoja ambacho meno yake hayawezi kukijua, nacho ni sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo ya kuvu, inayomea katika nafaka isiyokaushwa na kuhifadhiwa vizuri, iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Haionekani kwa jicho kwa uhakika, na haiondoki kwa kupika ugali. Kuitambua kunahitaji maabara na mtu aliyesoma, na kuizuia kunahitaji afisa ugani anayefika kijijini kabla ya mavuno kufundisha kukausha juu ya turubai na kupima unyevu. Watu wa kazi hiyo wanahitimu Morogoro kila mwaka, mwendo wa saa chache kutoka hapo. Vijiji vinawahitaji, wao wanahitaji kazi, na hawakutani, kwa kuwa hakuna aliyetenga mshahara katikati yao. Basi tusiseme kwamba shahada imepoteza thamani. Shahada ya kilimo ina thamani ya maisha ya watu Kongwa na wilaya jirani ya Kiteto. Kilichokosekana ni mlipaji, na mlipaji wa elimu ya namna hiyo hawezi kuwa soko peke yake, maana mkulima mwenye magunia sita hamudu kumwajiri mtaalamu.

Kuna elimu ya ngazi ya chini zaidi ambayo mtu wa Kibaigwa au Chalinze hunufaika nayo papo hapo, na hii haihitaji chuo kikuu. Katika utaratibu wa kodi ya makadirio uliotumika miaka ya karibuni, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya Sh milioni 8 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu alidaiwa Sh 250,000. Mwenye mauzo hayo hayo lakini ana daftari sahihi alidaiwa Sh 120,000. Tofauti ya Sh 130,000 ni malipo ya kujua kuandika kilichoingia na kilichotoka. Mtu huyo huyo akijua kukokotoa riba kwa mwaka mzima hataingia kirahisi katika mikopo ya kausha damu, ile inayodaiwa kila siku au kila wiki na ambayo imewafanya akina mama wengi kupoteza vyombo vya ndani. Hesabu hizi zingeweza kukamilika kidato cha nne. Kwamba hazikamiliki ni kosa la shule ya chini, na haliponywi kwa kumwongezea mtoto miaka mitatu ya nadharia juu ya msingi uliopungua.

Kabla ya kufika Dodoma, katika Wilaya ya Chamwino, kuna Chinangali, nchi ya zabibu, ambako wakulima huongea juu ya mchuzi wa zabibu na bei yake kwa uchungu ule ule ambao wa Kilwa huongelea ufuta. Hapo serikali imefungua moja ya mashamba makubwa ya pamoja chini ya mpango wa BBT (Building a Better Tomorrow), uliozinduliwa Machi 2023 ili kuwaingiza vijana katika kilimo. Kundi la kwanza lilikuwa la vijana 812, wapo wenye shahada, wakafunzwa kwa takriban miezi minne katika vituo atamizi kabla ya kukabidhiwa mashamba yenye umwagiliaji. Nautakia mpango huu kheri, na sehemu yake iliyo njema kuliko zote ni kwamba umekubali kujiajiri kunahitaji ardhi, maji na mtaji, si hotuba. Wasiwasi wangu uko kwenye ile miezi minne. Mtoto wa Mkinga hukaa dukani miaka kabla ya kuaminiwa na fremu. Mkulima wa zabibu wa hapo hapo amejifunza kukata matawi na kusubiri kwa misimu mingi, tena kwa baba yake. Mradi wa karanga wa Kongwa, mwendo mfupi kutoka hapo, ulikufa kwa haraka ya namna hiyo hiyo. Vijana hawa wangepewa misimu miwili au mitatu chini ya wakulima wakongwe, wakilipwa posho, huku wakulima hao nao wakilipwa kama walimu, ningekuwa na imani kubwa zaidi.

Mjini Dodoma akina mama lishe huuza ugali na mlenda, chakula cha Wagogo ambacho mtu wa pwani huhitaji siku chache kukizoea na kisha hukitafuta, na juu ya vilima kimetandazwa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 na kupangwa kuchukua wanafunzi 40,000. Huku watu hupenda kunitolea mfano wa matajiri. Said Salim Bakhresa, husema, aliacha shule akiwa na miaka 14, na leo unga na aiskrimu yake viko kila duka hadi Mombasa. Ni kweli. Ila Reginald Mengi alikuwa mhasibu aliyesomea Uingereza na kuongoza kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu kabla hajaanza kuunganisha kalamu za wino, na Mohammed Dewji alisoma Georgetown huko Marekani kisha akaingia katika biashara iliyokwisha anzishwa na familia yake. Watu watatu, njia tatu, na kila mmoja alikuwa na shule yake ya biashara kabla ya kuwa mkubwa: mmoja jikoni na dukani tangu utoto, mmoja katika vitabu vya hesabu za wengine, mmoja katika ukoo. Anayemtaja Bakhresa peke yake anawasahau wote walioacha shule wakiwa na miaka 14 na hawakusikika tena.

Hoja iliyonitaabisha kuliko zote ni ya wasichana. Nimesifu chuo cha dukani, lakini chuo hicho huchagua wanafunzi wake kwa damu na mara nyingi kwa jinsia. Ni wapwa na wadogo wa kiume wanaoletwa mjini kushika stoo. Binti wa ukoo ule ule huletwa kulea watoto wa tajiri, na miaka yake ikiisha hakuna anayemfungulia fremu. Kwa binti wa namna hiyo, na kwa mtoto asiye na mjomba Kariakoo, shule ndiyo taasisi pekee inayomfungulia mlango bila kuuliza anatoka ukoo gani. Kila mwaka anaobaki darasani humwepusha na ndoa ya mapema na humpa sauti nyumbani. Kwa sababu hiyo siungi mkono wito wa kupunguza nafasi za chuo kikuu ili kuwasukuma vijana kwenye biashara. Watakaosukumwa kwanza watakuwa hao.

Ninachokidai ni kwamba dola igharimie vyuo vyote viwili. Leo mizani imelala upande mmoja. Bodi ya Mikopo ya Tanzania humkopesha mwanafunzi wa shahada kwa miaka yote ya masomo na kumpa muda baada ya kuhitimu, kisha akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mwaka 2023/24 ikaanza pia kuwakopesha baadhi ya wa stashahada. Kijana wa gereji au wa dukani ameelekezwa kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, fedha za vikundi, ambazo zilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kwetu Kenya, ambako wanafunzi wa vyuo vya ufundi wanaweza kukopeshwa na HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, tofauti inaonekana mahali pengine: Hazina ya Hustler ilizinduliwa Novemba 2022 kwa mikopo ya kuanzia Sh 500, ya kulipwa ndani ya siku 14. Mwanafunzi anasubiriwa miaka, mchuuzi anasubiriwa wiki mbili. Na si kwamba njia ya kuunganisha vyuo hivi haijawahi kufikiriwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka wanaomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Lilikuwa na matatizo yake, likaachwa, lakini wazo la kwamba mtu ajue kazi kabla ya kuitwa msomi wake lilikuwa sahihi. Sera mpya ya elimu iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025 imeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari. Mkondo huo utakuwa wa maana ikiwa tu mafundi wa mitaani na wafanyabiashara wakongwe watatambuliwa kuwa walimu wenye haki ya kulipwa, na vijana walio chini yao watapata posho kama wenzao wa chuoni wanavyopata bumu.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni kila mwaka, na waheshimiwa huifikia kwa barabara hii au kwa reli hii. Naomba watenge mishahara ya maafisa ugani kwa ajili ya vijiji vya Kongwa, Chemba na Kiteto kabla ya kuwahimiza wahitimu wa kilimo wakauze chipsi, na waifungulie Bodi ya Mikopo njia ya kumkopesha kijana anayejifunza kazi kwa fundi au dukani, kwa masharti na uvumilivu ule ule anaopewa mwenzake wa chuo kikuu. Na mzazi, awe wa Makete au wa Malindi, aliyefikia kuuza shamba ili mtoto asome, naomba asiliuze kabla ya kujua ni nani hasa anayeajiri watu wa fani hiyo, na ni wangapi wanaomsubiri mtu huyo tayari.